Karte grafiki ya mkopo: vijana wapime kwanza, ndipo wanunue

BUTEMBO – Katika chumba kimoja cha kupanga hapa mjini Butembo, vijana watatu waliokimbia Kanyabayonga wamebishana wiki nzima juu ya kitu kinachobebwa kwa mkono mmoja. Ni karte grafiki, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta kwa kazi ya picha na video. Muuzaji anaomba dola 140. Vijana hawana hizo pesa. Mama ya mmoja wao ni memba wa kikundi cha akiba na mkopo, kile ambacho watu huita AVEC, na ana haki ya kukopa. Siku ya Jumapili sanduku litafunguliwa. Mama amesema atatoa jibu siku hiyo.

Jibu linalofaa ni hili: si sasa. Lakini kijana anayetafuta kazi hatosheki na neno hilo tupu. Lazima aonyeshwe sababu, aonyeshwe pia nini kifanyike mahali pake. Maana shida yake ni ya kweli.

Hiyo kompyuta ina historia. Mwezi wa sita 2024 vita vilifika Kanyabayonga, na tarehe 28 mji ukaingia mikononi mwa M23. Watu walitoka na walichoweza: godoro, sufuria, mbuzi, watoto mgongoni. Mkubwa kati ya hao vijana alifunga kompyuta ya mezani kwa kitenge, akaiweka nyuma ya pikipiki. Skrini ilibaki. Kule nyumbani walikuwa wakifanya montaji ya video za ndoa na nyimbo za kwaya. Hapa Butembo walianza tena na skrini ya kuazima. Leo mashini hiyo ndiyo inayolipa nyumba na kulisha watu kumi na mmoja. Basi asiyejua asiseme kwamba vijana wanataka kucheza.

Kinachowasumbua ni hiki. Wateja wanaleta video zilizopigwa kwa simu mpya na kamera za 4K. Kompyuta inakwama. Wakibonyeza ili video ya ndoa itoke, inafanya kazi usiku kucha, na umeme ukikatika saa tisa za usiku wanaanza upya. Bwana arusi mmoja alichoka kungoja, akachukua picha zake na kuzipeleka kwa mwengine.

«Mama, wateja wanatuacha juu ya mashini,» kijana alisema.

Mama akamuuliza: «Na ule mwenye kuuza dawa, mutoto wangu, alipima mugonjwa?»

Hilo ndilo swali. Hakuna aliyekuwa amepima. Muuzaji alisikia neno montaji, akatoa karte. Vijana waliona kwenye simu watu wa Ulaya wakisifu karte, wakaamini.

Kompyuta haina kiungo kimoja kinachofanya kila kitu. Kuna prosesa inayohesabu. Kuna RAM, mahali pa kuweka kazi inayoendelea. Kuna diski inayotunza mafaili. Kisha kuna karte grafiki. Kimoja kikiwa dhaifu, vingine vinangoja. Kila mkulima wa Lubero anajua jambo hilo bila kusoma kompyuta: ukivuna viazi vingi na lori limekwama kwenye matope, kuongeza viazi vingine hakuleti pesa. Lazima kwanza ujue lori limekwama wapi.

Kupima hakulipiwi. Kwenye kompyuta yenye Windows 10 au 11, fungua montaji iliyo nzito, anza kutoa video, kisha bonyeza pamoja Ctrl, Maj na Échap. Dirisha litafunguka. Ingia penye neno Performance. Hapo kuna mistari inayopanda na kushuka: prosesa, RAM, diski, na karte grafiki. Tazama kwa dakika kumi. Kama RAM imejaa karibu yote, shida ni RAM. Kama diski inakaa kwenye asilimia 100, shida ni diski. Kama prosesa iko juu kabisa na karte imelala, karte mpya inaweza kulala vilevile. Ila kama karte ndiyo iliyofika juu na vingine vinapumua, hapo kijana ana haki ya kuanza kuulizia bei.

Vijana wa Kanyabayonga walipopima, RAM ilikuwa ya GB 4 tu, na ilijaa hata kabla video haijaanza kutoka. Diski ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Ilikaa kwenye 100. Sehemu ya grafiki ilikuwa chini ya asilimia 20. Dola 140 zingekwenda kutibu mguu ulio mzima.

Diski ya kuzunguka, ikiwa nzima, husoma kwa kawaida MB mia moja na kitu kwa sekunde. SSD ya kawaida inayochomekwa mahali palepale hufika karibu 500. Na mafaili madogo madogo, yale ambayo kompyuta huyatafuta kila wakati, hapo tofauti ni kubwa kuliko hiyo. Vijana waliulizia mjini RAM ya GB 8 na SSD ndogo, vyote vya mtumba. Waliambiwa dola 55.

Kuna pia mambo mawili yasiyoombwa hata franka moja. La kwanza: prosesa nyingi za Intel, tangu zile za 2011, zina ndani yake sehemu maalum ya kutengeneza video ya H.264, ndiyo aina inayokubaliwa na karibu kila simu. Lakini programu ya montaji lazima iambiwe iitumie. Vijana wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo wa mipangilio. La pili: programu nyingi za montaji zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video za 4K. Kijana anakata na kupanga kwa nakala nyepesi, kisha mwishoni programu inarudi kwenye picha za asili. Kazi ya kukata haikwami tena, hata kwenye mashini ya uzee.

Sanduku la AVEC lina kufuli tatu. Funguo zinatunzwa na wamama watatu mbalimbali, ili mmoja asilifungue peke yake. Kununua karte grafiki kwa pesa ya mkopo kungefaa kufuate njia hiyo. Ufunguo wa kwanza ni kazi: je, kipimo kimeonyesha kwamba karte ndiyo inayokosekana? Ufunguo wa pili ni umeme. Ufunguo wa tatu ni kitu chenyewe: ni cha kweli, na kikiharibika nani atarudisha pesa?

Tuseme ufunguo wa kwanza umefungua. Bado umeme. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa hapa ni za ofisi, zilizotumika Ulaya, Marekani au Dubai kabla ya kufika. Nyingi ni zile nyembamba. Ndani yake kuna kisanduku cha kugawa umeme, ambacho mafundi wanaita alimentasio, na katika nyingi za aina hiyo kina wati 240 hivi tu. Hakina waya wa ziada wa kulisha karte kubwa, na boksi lenyewe linapokea karte fupi tu. Mahali karte inapochomekwa panaweza kuipa wati 75, si zaidi. Kwa hiyo kwenye mashini kama hizo chaguo ni chache: karte ndogo kama GTX 1050 Ti ya 2016, au zile GTX 1650 za 2019 zisizoomba waya wa ziada. Hata hizo lazima ziwe za umbo fupi. Ile ya dola 140 iliyoletwa kwa vijana inaomba waya wa pini sita. Mashini yao haina waya huo. Muuzaji hakuuliza.

Halafu kuna umeme wa nje. Wengi wa waliokimbia wanaishi kwa solari au kwa jenereta ya jirani. Tupige hesabu. Karte ya wati 75, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nane, inakula wati-saa 600. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1,200, lakini betri za risasi zinachakaa haraka zikishushwa chini ya nusu. Kwa hiyo umeme unaofaa kutumika ni 600 hivi. Karte peke yake inaumaliza. Skrini, prosesa na taa ya watoto wa shule vitabaki na nini? Mwenye jenereta ahesabu vivyo hivyo kwa litre za mafuta.

Hapa kuna uvumi mmoja unaopaswa kuzimwa. Vijana fulani wanasema karte grafiki itajilipa yenyewe kwa kuchimba bitcoin usiku, kwa sababu Hifadhi ya Virunga imefanya hivyo Luviro. Ni kweli kwamba tangu 2020, kwenye kituo cha umeme cha Luviro katika mtaa wa Lubero, hifadhi hiyo imeweka makontena ya mashini za bitcoin, na pesa zake ziliisaidia wakati watalii walipokosekana. Lakini zile mashini si karte grafiki. Ni mashini zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja, na karte ya kawaida haiwezi kushindana nazo kwa bitcoin. Tena Luviro walikuwa na umeme wa maji ambao ulikuwa bado haujapata wanunuzi. Kijana anayenunua petroli kwa chupa hana umeme wa namna hiyo.

Ufunguo wa tatu ni mgumu kuliko yote, kwa sababu ya vita. Zamani mtu wa Kanyabayonga aliweza kupanda gari mpaka Goma, akarudisha kitu kibovu, akagombana na muuzaji uso kwa uso. Leo barabara hiyo imekatwa na mstari wa mapigano. Vitu vingi vinaingia kutoka Kampala kupitia Kasindi, na barabara ya Kasindi na Beni nayo ina hatari zake. Karte ikifa baada ya wiki mbili, garanti ni neno tu.

Na karte za mtumba zina hila zake. Kuna karte za zamani sana, za miaka ya 2010 na 2011, ambazo watu wamebadilisha programu yake ya ndani ili kompyuta iseme ni GTX 1050 Ti. Mnunuzi anaona jina zuri kwenye skrini, analipa, kisha video ya kwanza inazima mashini. Programu ya bure GPU-Z, tangu 2018, inaweza kutambua nyingi za uongo huo. Jicho pia linasaidia: 1050 Ti za kweli kwa kawaida hazina tundu la VGA, lile la buluu lenye matundu madogo kumi na matano. Ukiliona, rudisha mkono mfukoni.

Kisha kuna karte zilizochoka. Tarehe 15 mwezi wa tisa 2022, sarafu ya Ethereum iliacha namna ya kuchimba iliyotumia karte grafiki, na karte nyingi sana zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. Si zote mbovu. Lakini feni zake zimezunguka sana, na muuzaji hatakuambia. Anayenunua aombe karte ichomekwe mbele yake, video itolewe nusu saa, asikilize feni, atazame joto. Muuzaji akikataa, amekwisha kujibu.

Hata karte mpya na ya kweli inaweza isisaidie. GT 1030 inauzwa kwa bei ya chini na inaingia kwenye boksi dogo, lakini haina ile sehemu ya kutengeneza video. RX 6400 ya 2022 nayo haina. Mtu wa montaji anayenunua moja ya hizo ili video itoke haraka ataendelea kungoja kama zamani.

Je, yote haya yanamaanisha karte grafiki ni upotevu? Hapana. Anayetumia DaVinci Resolve anajua kwamba programu hiyo inategemea sana karte. Anayepaka rangi video nzima, anayeweka maandishi yanayocheza, anayechora nyumba kwa 3D, karte nzuri itamrudishia usingizi wake. Kijana mwenye boksi kubwa, alimentasio ya kutosha, RAM ya GB 16, SSD, na umeme wa uhakika, akinunua karte atakuwa amefanya vizuri. Ila karte inakuja mwisho wa orodha hiyo. Hapa mjini wengi wanaanza nayo.

Kwa redio za jamii zilizopoteza vyombo vyake jibu ni rahisi zaidi. Kukata sauti, kusafisha mahojiano, kupanga habari, hayo yote hayahitaji karte grafiki yoyote. Mfadhili akiwaletea orodha yenye karte, wamuombe abadilishe: mikrofoni, SSD, betri.

Kuna jambo ambalo watu wa Ulaya wanaoandika juu ya karte hawalifikirii, lakini kila familia hapa inalifikiria: je, tukikimbia tena? Karte imefungwa ndani ya boksi la mezani. Haiingii kwenye kompyuta ndogo ya kubeba. SSD ya kawaida inaingia mfukoni, na kesho inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, hata nyingi za zile za kubeba. Picha za ndoa za watu waliopoteza kila kitu ziko ndani yake. Mtu aliyewahi kufunga mashini kwa kitenge hawezi kununua kama mtu ambaye hajawahi kukimbia.

Mashini yenyewe nayo ina umri. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, na prosesa za Intel za kizazi cha saba kushuka chini, karibu zote, hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Mashini itaendelea kuwaka. Lakini kuweka dola 140 kwenye boksi la namna hiyo ni kama kushona koti jipya na kulitundika kwenye ukuta unaobomoka.

Tubaki na hesabu ya mama. Vijana wanasema ndoa moja, wakitoa usafiri na umeme, inawaachia dola 20. Dola 140 ni ndoa saba. Mkopo unalipwa kwa miezi mitatu, pamoja na faida ya kikundi. Wakati huu wa vita, ndoa saba kwa miezi mitatu ni tumaini, hakuna aliyeziahidi. Zikikosekana, deni halimfuati muuzaji wala kijana. Linamfuata mama, mbele ya wamama wenzake waliokimbia kama yeye, ambao katika sanduku hilo waliweka pesa za chumvi na za minervali za watoto. Dola 55 ni chini ya ndoa tatu. Hata mambo yakiharibika, mama anaweza kuuza maharagwe akalipa bila aibu.

Neno la mwisho ni la wazee. Wengi wao wakisikia kompyuta wanasema ni michezo ya vijana, na wanakataa kabla ya kusikiliza. Hilo nalo ni kosa. Kikundi kinachomkopesha mshonaji mashini ya kushona kinapaswa kumsikiliza mwenye montaji kwa namna ileile: unafanya kazi ngapi kwa mwezi, unapata ngapi, kifaa kinakosa nini, umepima? Kijana aliyeweza kujibu maswali hayo manne amestahili kukopeshwa.

Vijana watatu wameandika majibu yao kwenye daftari. Jumapili, baada ya ibada, mama atalibeba kwenye mkutano pamoja na ufunguo wake. Ombi la karte limefutwa kwa kalamu. Chini yake wameandika RAM na SSD, dola 55, na jina la bwana arusi wa Jumamosi inayofuata.